Chumvi ya Kuomba

Mwalimu Sunhi alipofika kwangu Kinoru mwezi uliopita, nilimwacha ale kwanza. Hivyo ndivyo tulivyolelewa: mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajashiba, hata kama amekuja kukuambia kwamba nyumba yako inaungua. Nilikuwa nimempikia mukimo wa ndizi mbichi za kupondwa, kuku wa kienyeji, na kabichi niliyoitia pilipili kwa namna yake bila kuthubutu kuiita kimchi mbele ya Mkorea mwenye kimchi yake. Alikula taratibu, akamaliza kila kitu, akapangusa midomo na kutazama ukuta wenye picha za wajukuu wangu. Mara ya mwisho tulipoonana mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini anayejifunza kushona Runyenjes, na yeye alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mwendo wa haraka. Sasa mimi ndiye wa makamo, nina karakana yangu ya sare za shule hapa mjini, na yeye ni ajuza mwembamba mwenye mkongojo. Ule wembamba haukunipendeza. Basi nilipoona sahani imeondolewa nikamwuliza: "Haya, Mwalimu, sasa sema. Ni nini kimekuleta mpaka Meru?" Akatabasamu, akajibu neno moja tu: "Gunyang'."

Binti yangu Kendi, aliyekuwa akimimina chai, akaniinamia sikioni. "Mum, amesema nini?" Nikamwambia nitamweleza baadaye. Ukweli ni kwamba neno hilo lilinichukua miezi mingi kulijua, na kulieleza kati ya kikombe kimoja na kingine kusingewezekana. Tena lina pande mbili. Upande mmoja naupenda kuliko maneno mengi ya lugha zangu mwenyewe. Upande wa pili nauogopa, na siku ile, nikitazama mifupa ya mikono yake, sikujua amenionyesha upi.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini, Mwalimu Sunhi alikuwa ametumwa na kanisa la kwao Korea kutufundisha ushonaji katika ukumbi wa kanisa letu Runyenjes. Alikuja na cherehani mpya zilizofungwa kwa nailoni, na Kiswahili alichojifunza kitabuni, kisafi kuliko chetu lakini kilichokatikakatika. Nilipomtajia jina langu, Igoki, aliziba mdomo akacheka, kisha akaniomba radhi mara nyingi mno. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba kwa lugha yao jina hilo linakaribia kabisa kusema "nyama hii". Mimi sikukasirika. Nilikuwa msichana mnene, na kwetu nyama si tusi.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ukumbi, vyumba viwili vya mbao na baraza. Barazani palikuwa na mitungi ya udongo ambamo kabichi za soko letu zililala na pilipili na vitunguu saumu mpaka zikachacha. Watu walisema anaozesha chakula. Mama yangu, ambaye tangu utoto wake alikuwa akichachisha uji kwenye kibuyu, aliwauliza wao wanadhani uji wao unatoka wapi. Ndani hapakuwa na kiti hata kimoja. Palikuwa na meza fupi, ya kufika magotini, na mkeka, na harufu ya shayiri iliyokaangwa. Shayiri hiyo ndiyo aliyoichemsha akaiita chai. Palikuwa pia na karatasi nyeusi nyembamba za mwani zilizotoka baharini, alizofungia wali kama mtu anayefunga kifurushi. Nilipozila mara ya kwanza nilihisi nimelamba jiwe la mtoni. Mara ya pili nikaomba niongezwe.

Niliipenda nyumba ile, na nilimpenda mwenye nyumba. Nyumbani kwetu msichana akiketi tu, mtu anamwona na kumtuma: maji, kuni, majani ya ng'ombe. Kwa Mwalimu ukimya ulikuwa wa kukaribishwa. Angeweza kutia uzi kwenye sindano, mimi nikatazama mvua ikipiga majani ya migomba, na hakuna aliyeona tunapoteza siku. Nikataka kwenda huko kila jioni. Lakini niende nikaseme nini? Kwetu mtu mzima haingii boma la mwenzake bila jambo. Anayezunguka nyumba za watu bila jambo ana jina lake, na msichana akilipata jina hilo haolewi upesi. Ndiyo maana hata leo mzee wa kwetu atakunywa chai yako, ataulizia ng'ombe, atasifu mahindi, na ni pale langoni tu, mkono mmoja ukiwa umeshika mti wa lango, ndipo atakapogeuka na kusema: "Sasa, kulikuwa na kitu kidogo." Hicho kitu kidogo ndicho kilichomtoa kwake asubuhi.

Basi na mimi nikatafuta jambo. Nilichukua kikopo kitupu cha kakao, nikabisha hodi. "Mwalimu, Mama amenituma. Tumeishiwa na chumvi." Hatukuwa tumeishiwa. Lakini chumvi ni jambo la heshima: ni ndogo, haimwumizi anayetoa, na jirani akiombwa chumvi anajua ameheshimiwa. Alinijazia kikopo, akanikaribisha, nikakaa mpaka giza likakaribia. Baada ya siku chache nikarudi na kikopo kile kile. Ndani nilitia mayai mawili, kwa sababu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kisha nikaomba chumvi tena. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mwalimu alianza kunitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Akaacha kujaza kikopo, akawa ananipa pakiti nzima. Kisha akawa ananipa pakiti mbili na kunishika bega.

Mama aliniita jikoni. Alikuwa amezipanga pakiti zote juu ya dari ya kuni, zikafika mpaka kwenye masizi. "Igoki," akaniambia kwa Kiembu chake cha polepole, "hii chumvi yote tunafungua duka? Ng'ombe mwenyewe amelamba mpaka ananikimbia." Nikamwambia Mwalimu ni mkarimu. Akapangusa masizi mikononi. "Mkarimu, sawa. Lakini mtu hatoi hivi bila kuona shida. Wewe umemwambia sisi tuko aje?" Nikachukua ndoo nikaenda mtoni bila kutumwa.

Mvua za masika ndizo zilizoniletea neno lenyewe. Nilimkuta Mwalimu barazani akitwanga pilipili, macho mekundu, mashavu yamelowa. "Mwalimu, unalia nini?" Akageuka upande wa mitungi. "Gunyang'," akasema. Kwa kuwa alikuwa na kinu cha pilipili mbele yake, nilidhani hilo ndilo jina la pilipili kwa Kikorea, nikaondoka nikijisifu kwamba nimeongeza neno.

Siku chache baadaye nilikuwa nikipiga pasi kola ukumbini. Kati ya meza za pasi na chumba cha mchungaji palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu, na mtu akikohoa upande wa pili ungemwambia pole. Nikamsikia Mwalimu akizungumza na Mama Mchungaji. "Kila mtu anakuja na shida," alisema. "Anakunywa chai, anacheka, mimi nafurahi. Halafu kwa mlango anasema, kitu kidogo. Karo. Kazi ya kijana. Cherehani. Wanahesabu mimi kama duka. Hata Igoki, mtoto mzuri, kwao hakuna chumvi. Chumvi! Mimi siwezi saidia watu wote. Na mimi hakuna mtu anakuja kwa mimi." Mama Mchungaji akamwambia avumilie. Mwalimu akasema ameshaomba kanisa lake limrudishe nyumbani baada ya Pasaka, na anangoja tu jibu. Pasi ilikuwa mkononi mwangu. Kola ile iliungua, na mpaka leo nikisikia harufu ya pamba iliyoungua natafuta pa kukaa.

Niliumia. Wenzangu walihofia darasa, na hofu hiyo nilikuwa nayo pia, maana bila yeye cherehani zile zingerudishiwa nailoni zake. Lakini mimi nililia kwa sababu nyingine: Mwalimu alikuwa akienda zake akiamini kwamba mimi pia nilifuata chumvi. Nikamweleza Mama yote. Nilitarajia kofi. Mama alicheka mpaka akaishika nguzo ya jiko, kisha akafuta macho kwa kanga. "Mtoto, heshima yako imemfukuza mgeni wetu. Nenda umwambie."

Nikaenda bila kikopo. Mikono mitupu ilikuwa mizito, sikujua niiweke wapi. Alinifungulia na, kabla sijasema neno, akaelekea kabatini. "Chumvi?" "Hapana, Mwalimu. Sisi tuko na chumvi." Akasimama. "Tuko nayo tangu zamani. Hata ng'ombe amekataa." Akauliza, pole pole, kama mtu anayepima kitambaa: "Sasa, ulikuwa unakuja kwa nini?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kuna maneno ambayo kwetu hayakuwa na pa kusimama. Mwishowe nikasema, "Nilikuwa nakuja… nilikuwa nakuja tu." Nikainamisha uso, nikingoja aibu inimalize.

"Gunyang'?" akasema.

Nikamwambia sijaja kwa ajili ya pilipili. Hapo ndipo alipokaa chini kwenye mkeka, akacheka na kulia kwa pamoja, akanivuta nikae. "Gunyang' sio pilipili! Gunyang' ni… tu. Hakuna sababu. Kwetu rafiki anakuja kwa mlango, nauliza, mbona umekuja? Anasema, gunyang'. Hiyo ni jibu nzuri sana. Mtu wa shida anakuja na shida. Rafiki anakuja gunyang'." Nikamwuliza kuhusu siku ile ya machozi. Akajibu: "Hiyo pia ni gunyang'. Lakini ile ni ya kufunika sufuria. Ndani inachemka, juu unaweka gunyang', watu hawaoni." Basi nikazijua zote mbili jioni moja. Alinifundisha na matumizi madogo madogo: sokoni mwenye mitumba akikuuliza unatafuta nini na wewe unatazama tu, ni gunyang'. Kitu ukikiacha kilivyo, usikiguse, ni gunyang'. Nikamwuliza kama mshono ukienda upande kidogo unaweza kuachwa gunyang'. Akanipiga mkono kwa rula. "Mshono hakuna gunyang'."

Lakini mtu mmoja hawezi kumbakiza mgeni. Nikawakusanya wanawake wa darasa chini ya veranda ya ukumbi, nikawaambia Mwalimu anaondoka na kwa nini. Kila mmoja alitazama viatu vyake, kwa maana kila mmoja alikuwa ameshika lile lango. "Jumapili twende kwake," nikasema. Mama Njoki, mkubwa wetu, mjane aliyejiunga na darasa akiwa na wajukuu, akauliza, "Twende tufanye nini?" "Tukae." "Tukae, halafu?" "Halafu turudi." Akanitazama kama mtu aliyeambiwa apande mahindi juu ya paa. "Igoki, mtu mzima na miguu yake aende kwa watu kukaa tu, kama nguo kwa kamba? Atasema tumekuja kuchunguza nyumba." Tulibishana mpaka kengele ya ibada ya jioni. Hatimaye wakakubali kwa sharti moja, kwamba hawaendi mikono mitupu. Hilo sikulipinga. Kuna mambo ambayo hata Mkorea hawezi kutuachisha.

Jumapili ile tulipanda kijinjia chake tukiwa na viondo vya nduma, ndizi na mayai, tumevaa nguo za kanisani. Mwalimu alipotuona langoni, kundi zima la wanawake wenye viondo, uso wake ulizimika. Alijua kamati anapoiona. "Karibuni," akasema, kisha, kwa sauti ya mtu anayefungua pochi, "Shida ni gani?" Wote wakanitazama mimi. Nikavuta pumzi, nikasema, "Gunyang'." Mama Njoki akaona nimeachwa peke yangu, akajitupa ndani na matamshi yake ya Kiembu: "Gunyang'!" Wengine wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa kama itikio la kanisani. Kuna aliyenong'ona kwamba linasikika kama mwanzo wa kunyang'anya, na kwamba polisi akipita tutaeleza vizuri. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja. Alipoelewa, alishika mti wa lango kwa mikono yote miwili.

Tulikaa. Mwanzoni lilikuwa jambo gumu kuliko kushona kola. Tulikalia mkeka magoti yakituuma, kila mmoja akimeza kitu kidogo chake. Mwalimu akatugawia ile chai ya shayiri. Mtu akasifu mitungi. Mtu akauliza kama huko kwao mvua inanyesha kwa kupiga paa hivi hivi. Mwalimu akaimba wimbo wa mama yake wa kupura mpunga, na Mama Njoki akamjibu kwa wimbo wa kupalilia. Kabla jua halijafika kwenye migomba tulikuwa tukicheka na kuwasema waume za watu. Nimehudhuria harusi zisizokuwa na furaha ya namna ile.

Kisha tukafika langoni. Mama Njoki alikuwa wa mwisho kutoka. Akashika mti wa lango, akasimama, akageuka. "Mwalimu," akasema, "sasa, kulikuwa na kitu kidogo." Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu mwenyewe akanyooka, tabasamu likaanza kurudi lilikotoka. Mama Njoki akasogea karibu. "Ni hiyo chai yako. Sitaki kukudanganya. Haina majani. Hapa tunalima majani chai mpaka mlangoni, na wewe unakunywa maji ya nafaka kama kuku mgonjwa! Jumapili mimi naleta ya kwangu, na maziwa." Mwalimu Sunhi alikaa kwenye ngazi za langoni. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka, na sisi tukacheka kwa kumwona, na Mama Njoki akabaki akiuliza ni nini, yeye amesema ukweli.

Jumatatu alimwambia Mama Mchungaji kwamba atamaliza mwaka wake. Akaumaliza wote. Jumapili zikawa zetu, na majani chai ya Mama Njoki, na watu wengine wa Runyenjes wakaanza kujifunza kupita kwake kwa jambo la bure. Wenye shida hawakuisha, nani asiye na shida? Ila sasa wakati mwingine walikuja na jambo na wakati mwingine walikuja tu, naye akawa anacheka kabla hajajua ni kipi. Siku ya kuagana nilimletea kile kikopo cha kakao kikiwa kimejaa chumvi. "Ni ile niliyoomba," nikamwambia. "Deni lirudi." Alikiweka ndani ya mkoba wake wa mkononi, si ndani ya masanduku. Niliporudi nyumbani niliingia zizini nikalia mbele ya ng'ombe, kwa sababu yeye alikuwa ameila hadithi ile yote pamoja na chumvi yake.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Kendi mwezi uliopita, jioni baada ya jioni, Mwalimu akiwa amelala chumba cha pili. Kendi akasema, "Aki Mum, si umuulize tu kama ni mgonjwa?" Sikuweza. Siku zote alizokaa kwangu nilimsubiri. Alitembelea karakana, akageuza kola za sare ndani nje, akanionyesha kwa kidole mshono uliokwenda upande. Alikula, akalala mchana, akacheza na wajukuu. Hakusema jambo. Nami kila nilipomtazama niliona sufuria iliyofunikwa, nikajiambia kwamba mtu hasafiri hivyo, umri ule, na mkongojo, ila amekuja kuaga.

Asubuhi ya kuondoka, gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa limewashwa barabarani. Nilimshika mkono mpaka langoni. Hapo akasimama. Akaweka mkono mmoja juu ya chuma cha lango langu, akageuka, na kwa Kiswahili chake kile kile cha kukatikakatika akasema, "Igoki. Sasa, kulikuwa na kitu kidogo."

Nikasema, "Sema, Mwalimu."

Akafungua mkoba. Akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakifungua taratibu, na ndani kilikuwa kikopo changu cha kakao, rangi imechubuka, kifuniko kimeshika kutu pembeni. Kilikuwa na shayiri ya kukaanga, konzi moja hivi. "Chombo hakirudi kitupu," akasema. "Hiyo ni shayiri. Usimpe Mama Njoki." Nikamwambia Mama Njoki tulimzika zamani. Akainamisha kichwa kidogo, kisha akanitazama usoni. "Usiniangalie kama mimi nakufa. Mimi ni mzee tu, sio mgonjwa. Chumvi imeisha, Igoki. Nilitumia kidogo kidogo, miaka yote, siku za kukumbuka ninyi tu, na sasa imeisha. Naomba uniongeze. Nitarudisha."

Kendi nyuma yangu akasema kwa sauti ya kutoamini, "Mum, ametoka Korea kuja kuomba chumvi?" Nilikuwa nimekwisha kukimbia jikoni nikilia na kucheka. Niliimwaga shayiri kwenye bakuli, nikakipangusa kikopo, nikafungua pakiti mpya. Nikaanza kumimina. Kisha nikasita, nikairudisha nyingine ndani ya pakiti, nikafunga kifuniko. Nilimtilia nusu tu, ili iishe upesi.